Kundi la Sauti

Newala, saa kumi na moja alfajiri.
Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu
hadi dirisha la studio,
chumba kimoja juu ya duka la misumari.
Saa kumi na mbili Nambunga anasoma bei za mnada,
na kompyuta imekuwa bubu.

Nimebadili waya. Nimepuliza tundu.
Nimeitukana spika, spika haina kosa.
Basi nikakaa, nikaanza kuuliza.

Katika mfumo huu kila kitu ni faili:
diski ni faili, kipanya ni faili,
hata koo ni faili, linakaa /dev/snd.
Naita orodha, linajitokeza:
pcmC0D0p, kama namba ya gunia ghalani.
Lipo. Halina uzito, halina neno ndani,
ni mlango tu; ukiugonga, upande wa pili
kuna anayepaswa kuitika.

Nasoma mwanzo wa mstari kwa kidole:
c, rw, kistari, rw,
kisha vistari vinne vya kunyamaza.
Mwenye mali: root.
Wanaoruhusiwa: kundi la audio.
Wengine wote: patupu.

Na mimi ni nani? Naandika groups.
Jibu: studio. Studio tu.
Akaunti niliifungua jana,
ya zamani Chitanda kaondoka nayo Tunduru,
neno la siri kichwani mwake.

Nikamkumbuka mama, msimu ule, chama cha msingi.
Magunia manne juu ya mizani,
karani anayaona kwa macho yake:
"Korosho zipo, mama. Jina ndilo halipo."
Alisimama pale hadi adhuhuri,
mlango ukiwa wazi.

sudo usermod -aG audio studio.
Angalia hiyo a, herufi ndogo ya kuongeza:
ukiisahau, unampa mtu kundi moja
na kumfuta kwenye mengine yote.
Halafu toka, uingie upya;
mashine haikutambui ukiwa umekaa palepale.

Dakika saba kabla ya saa kumi na mbili
kilichotoka kwanza kwenye spika
ni kikohozi cha Nambunga, cha rekodi ya juzi.
Akacheka, akavuta karatasi yake.

Ng'ambo ya barabara mtu akaongeza redio.
Mimi nikaandika amri ukutani kwa wino,
ile a nikaizungushia duara
mara mbili.