Andika: Bado

Kijiko. Mvua. Kengele. Njano. Farasi.
Kijana wa utafiti aliyatamka polepole
kama mtu anayenihesabia chenji kiganjani,
kisha akaniomba nitoe saba kwenye mia,
na tena saba, na tena,
hadi nikafika sitini na tano, na kiu.

Anaitwa Lachlan. Ana kucha safi.
Dirishani ukungu ulikuwa umepanda kutoka Mto Tay,
umelimeza daraja la reli, umebakiza nguzo tatu
zinazokwenda pasipojulikana.
Nilizihesabu pia.
Hilo hakuniuliza.

"Chora saa. Saa tano na dakika kumi."
Duara langu likatoka na kitambi upande mmoja.

Netta ni pacha wangu, yai moja, sura moja.
Alinifuata duniani kwa dakika kumi na mbili;
huku alikokwenda sasa, ametangulia yeye.
Miaka thelathini na minane alikata nywele za wanawake wa Lochee.
Akili ni nywele, husema watu, kila mtu ana zake.
Hawasemi zinavyoanguka bila kishindo,
wala nani hufagia jioni.
Siku moja alimkata Bi Isbister upande wa kushoto tu,
akamvua shuka, akapokea pesa, akamuaga.
Bi Isbister akatoka hivyo hivyo mvuani.
Wiki iliyofuata akarudi,
akaketi kwenye kiti kile kile.

Ndiyo maana damu yangu wanaipenda.
Wanaihifadhi kwenye baridi kali,
vichupa vyenye vizibo vya zambarau, na namba badala ya jina.
Wamechukua na maji ya uti wa mgongo:
meupe, kama ya bomba.
Nilidhani yangekuwa na rangi ya kitu fulani.

Kuna uchafu, Lachlan alieleza, hujikusanya ubongoni
labda miaka ishirini
kabla jina la kwanza halijapotea.
Ishirini! Nikarudi nyuma nikitafuta.
Mwaka ule tulicheza dansi Arbroath,
Netta kwa viatu vya kuazima,
akinicheka mbele ya ukumbi mzima
kwa kusahau hatua.
Aliyesahau nilikuwa mimi.

"Ungependa kuambiwa matokeo?"
Kisanduku cha Ndiyo. Kisanduku cha Hapana.
"Andika: bado."
"Fomu haina nafasi hiyo, Bi Effie."
"Basi ichore. Kalamu unayo wewe."
Akanitazama, akachora kisanduku cha tatu pembezoni,
kimepinda, kama saa yangu.

Kwenye basi nikawa nayo midomoni:
kijiko, mvua, kengele, njano, farasi.
Wiki tatu sasa. Hayaondoki.
Nayasema nikimenya viazi, nayasema chooni,
mlinzi asiyejua zamu yake imekwisha.

Mama yetu alifanya kazi kiwanda cha juti.
Mashine zilipiga kelele hata sauti ikawa haina kazi,
wanawake wakasemezana kwa midomo mitupu,
nasi tukajifunza mezani, tukimsengenya baba
akiwa ameketi katikati yetu.

Jana Netta hakunijua hadi saa tisa.
Alilitafuta neno, akalikosa, akaanza kulia.
Nikazima redio. Nikamgeukia uso kwa uso,
nikafungua mdomo bila sauti:
*Unataka nini?*
Akaitazama midomo yangu kwa muda mrefu.
Kisha yake ikasogea, upesi, kwa lafudhi ya Mama:
*Chai yako imepoa, mjinga wewe.*

Ilikuwa imepoa kweli.