Ukurasa wa Kumi na Tisa

Daftari langu halijui mpira.
Linajua sukari, mafuta ya kupima,
nani kalipa, nani kapita mbali na duka
akijifanya anaongea na simu.

Ukurasa wa kumi na tisa ni wa Luhende,
fundi baiskeli wa kule karibu na reli.
Jioni huvaa filimbi kwa kamba ya kiatu
akaitwa Kocha na watoto thelathini.
Hana barua ya kazi. Hana mshahara. Ana sauti.

Chokaa, kilo mbili. Ya mistari, alisema.
Mvua ya Tabora ikaila usiku uleule,
asubuhi karudi: chokaa, kilo mbili.
Sindano ya gunia na uzi wa nailoni;
mpira ulikuwa umepasuka tumbo.
Glukosi. Plasta. Sabuni ya kipande,
maana jezi ni kumi na moja na migongo ni thelathini.
Kandambili, jozi moja, namba thelathini na tatu.
Nikamwambia, Kocha, mguu wako huo ni mtumbwi,
za nani hizi? Akacheka.
"Za mchezaji. Wewe andika."

Nikaandika. Kuandika ndiyo kazi yangu.

Kila Jumamosi nilisikia kutoka kaunta
wanaume wakimfokea pembeni mwa uwanja,
na juu yao wote Baba Mihambo, mwenye mashine ya kukoboa:
"Mtoe huyo! Kocha gani hajui kupanga!"
Sauti nene, sauti iliyoshiba.
Ukurasa wake kwangu ni mweupe.
Hajawahi kununua hata uzi.

Kisha wiki moja Luhende hakuja dukani.
Siku ya kwanza nikasema, kapata hela.
Ya tatu nikafunga duka kabla ya magharibi,
jambo nisilolifanya tangu msiba wa mume wangu,
nikajikokota hadi uwanjani.
Watoto wamekaa chini, kila mtu na namba yake,
mabeki nyuma, kipa peke yake golini,
wanasubiri filimbi.
"Kocha ana homa, bibi. Tena kauza pampu."

Fundi baiskeli kuuza pampu
ni kama mimi kuuza mizani.

Jumamosi sikukaa kaunta.
Wakati wa mapumziko nilisimama na daftari,
nikasoma kwa sauti kama anayesoma majina ya waliofaulu:
chokaa, chokaa, sindano...
Baba Mihambo akatazama viatu vyake.
Nikasema, sisamehi. Mimi si tajiri, na deni ni deni.
Ila nalihamisha. Nani nimwandikie?

Treni ya Mpanda ikapita yote, behewa kwa behewa,
hakuna aliyejibu.
Kisha muuza michembe akainua mkono:
"Sabuni, niandike mimi."
Mwingine akabeba plasta.
Chokaa akaichukua Baba Mihambo
kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.
Glukosi haijapata mwenyewe mpaka leo.

Nilipofika kwenye kandambili,
mjukuu wangu Hamduni, winga wa kushoto,
akairudisha miguu yake polepole
nyuma ya ndoo ya maji.

Mstari ule nimeukata mwenyewe,
kwa wino mwekundu, mara mbili.

Pampu iko Kitete kwa aliyeinunua, anataka faida.
Nimefungua ukurasa mpya. Juu nimeandika: Pampu.
Mahali pa jina nimepaacha wazi.
Kesho ni Jumamosi.