Nukta Nukta Mkwaju

Mstari ulikuwa mmoja. Niliuandika mimi,
Alhamisi, ghorofa ya tatu, Ganjoni,
jenereta ikikohoa, shati limenigandama mgongoni:
chukua jina la faili alilolitaja mteja,
libandike mwishoni mwa njia ya kabati la ankara,
fungua, mpe.
Ukafanya kazi miaka minne. Mawakala wa Kilindini
wakitoa humo karatasi za makontena usiku na mchana,
nami nikalipwa, nikasahau.

Kisha akaja Mwanasiti, mwanagenzi, wiki yake ya pili,
hajapewa hata kiti chenye magurudumu.
Hakuandika jina la ankara. Aliandika
nukta, nukta, mkwaju
(yaani: rudi nyuma chumba kimoja),
nukta, nukta, mkwaju,
rudi tena,
mara tano, mara sita, hata pasibaki nyuma ya kurudi,
kisha akashuka taratibu kwa mlango mwingine
mpaka kwenye orodha ya watumiaji wa mashine nzima.
Programu ikamletea, kwa adabu zote.

Nilikulia Kibokoni. Nyumba yetu ilikuwa na daka,
na mgeni, hata awe nani, alingoja dakani
mpaka asikie "karibu" ya mtu.
Mimi nilijenga mlango unaosema karibu peke yake.

Nikaona haya, nikakimbilia kurekebisha:
kila palipo nukta nukta mkwaju, futa.
"Haya," akasema, akaandika nukta nne, mikwaju miwili.
Kifutio kikala cha katikati,
masalia yakasogeleana, yakashikana mikono,
yakawa yale yale.

Chuoni niliwahi kuiweka nukta juu, mahali pake chini.
Ba ikawa nuni. Nikala mkwaju.
Nilidhani somo hilo nimelimaliza.

"Usishughulike na anavyotamka," Mwanasiti akaniambia,
kinywa kimejaa bajia.
"Mwache aseme. Nyoosha njia yake yote kwanza,
ifuate hadi inapokomea, ndipo uangalie:
bado yumo kabatini mwa ankara?
Kama hayumo, hakuna faili."

Saa kumi jioni tukaubadilisha. Mistari mitano sasa.
Akaenda zake kuwahi feri.

Nikabaki kufungua daftari la seva,
nitazame kama kuna aliyemtangulia.
Daftari huhifadhi siku thelathini tu.
Siku thelathini ni safi.
Miaka minne, kasoro mwezi mmoja,
haina ukurasa.