Uvungu

Alinimwagia maji ya kopo miguuni,
akasema, kanyaga pale kwenye saruji kavu,
haya, ondoka.
Tukainama wote wawili kuutazama:
unyayo mzima, kama chapati iliyoota vidole.
Hauna ghuba, hauna kiuno.
"Umeona, fundi? Hapa pangekuwa na uvungu."
Na jua la Dodoma, lisilokopesha maji,
likaufuta kabla sijajibu.

Mimi Ndahani, mwashi wa miaka ishirini na sita,
nimepindisha matao Ilazo na Nkuhungu,
mlango wa kanisa kule Mvumi,
dirisha la bwana mmoja wa wizara
aliyetaka liwe kama mwezi nusu.
Najua tofali la katikati linavyobanwa na wenzake
hata ukiondoa mbao, halianguki.
Kumbe mwenyewe nimesimama
juu ya zege lililomwagwa bapa.

Nilidhani ni uzee. Nilidhani ni buti.
Mke wangu alidhani nimerogwa; hakusema,
ila chumvi iliongezeka kwenye beseni.
Jioni kifundo kilivimba upande wa ndani
na goti likauma kwa niaba yake,
maana mwili nao una mashahidi wa uongo.

Zulfa, binti wa Kondoa, mwenye mkono mwepesi,
hakunipa vidonge. Alinipa kazi.
"Vua soksi. Usikunje vidole, hao wezi,
waache walale. Sasa fupisha unyayo,
uvute kutoka kati,
kama unapandisha pindo la nguo usililoweshe."
Nikavuta. Kipaji cha uso kikakunjamana.
Nikavuta. Kitako kikakaza.
"Huo si mguu," akasema, "hilo ni taya."
Kweli, nilikuwa nimeuma meno.
Miaka arobaini na tisa nautumia mguu huu
na sijui mlango wa kuuingilia.

"Hesabu mafiga matatu," akanifunza,
"si yale ya kampeni:
kisigino, shina la kidole gumba,
shina la kile kidogo.
Chungu kisiinamie upande mmoja."
Changu kiliinama ndani siku zote,
uji ukimwagikia gotini.

Asubuhi, nikipiga mswaki, nasimama mguu mmoja,
kiganja kwenye ukuta nilioupiga lipu mwenyewe.
Jioni nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
naokota karanga za Kibaigwa, na maganda yake,
kwa vidole vya miguu, natia kwenye sahani.
Nyemo, kitinda mimba wangu,
hunihesabia kwa sauti ya mwalimu:
"Baba, hiyo imeanguka. Haihesabiwi."
Halafu anazimenya, anakula ushahidi.

Visigino juu, kisha shuka taratibu;
kushuka ndiko kazi, kupanda hata mbuzi hupanda.
Mara kumi na tano, ukingoni mwa ngazi.
Wiki ya tatu niliacha, nikasema upuuzi.
Wiki ya nne maumivu yakaniita kwa jina kamili.

Nilimuuliza: uvungu utarudi?
Hakunidanganya.
"Haukuwahi kuwepo, urudi vipi?
Pengine utainuka unene wa sarafu.
Ninachotaka, ukisimama, ujue umesimama wapi."

Jana, juu ya jukwaa la mbao kule Ihumwa,
upepo wa Julai ukirusha vumbi jekundu,
karai la zege begani,
nikasikia uzito unatambaa kwenda ndani,
polepole, kama maji yanayotafuta mteremko.
Sikushtuka. Niliuita.
Figa la kwanza. Figa la pili.
Na lile dogo, la pembeni,
ambalo kwa karibu nusu karne halijaulizwa kitu,
likaitika.

Saidia wangu akapaza sauti kutoka chini:
"Fundi, vipi, mbona umesimama?"

"Nasimama," nikamjibu.