Tundu la Kiwiko

Sweta ulilinunua dola tatu kwenye duka la kanisa,
mtumba wa marehemu fulani wa kule Newport,
kijani kilichochujuka kama maji ya kabichi,
na ndani ya kola herufi tatu za kutarizi: H.W.P.
"Kirefu chake nini?" nikakuuliza.
Ukasema, "Kuanzia leo, mimi."

Ulikuwa na miaka kumi na tisa, Anselmo.
Baba bado alikuwa akirudi kutoka kiwandani
akinuka raba iliyoungua,
nawe mbele ya kioo cha bafu
unajifunza kutojali.
Hilo ndilo lililokuwa somo gumu.
Soksi usivae, hata Novemba.
Kola iache ichakae, pasi isiione,
maana wenye mali ya kale hawapigi pasi;
pasi ni ya watu wa kwetu,
tunaokwenda misa tumenyooka kama bahasha mpya.

Nilicheka. Lakini usinione mwema:
mimi nami, chini ya blanketi,
nilikuwa nikifanya mazoezi ya kutamka Furtado
kana kwamba nyuma ya jina hilo
kuna ekari za nyasi, na mtu wa kuzikata.

Kiwiko cha kushoto kilikuwa na tundu.
Ulilipenda kuliko sweta lenyewe.
Tundu lile lilisema: tunayo mengine, hatuna haraka.
Mama akaliona Jumapili, kwenye supu, akanyamaza.
Usiku akateremsha kopo lake la biskuti
akaliziba kwa uzi wa kijani, mshono juu ya mshono,
hata ukipitisha kidole hakikwami popote.

Nilikuona saa nane za usiku. Mlango wetu haukuwahi kufunga vizuri.
Umeketi ukingoni mwa bafu, wembe wa Baba mkononi,
unafumua,
taratibu, kama atoaye miba kwenye samaki wa mgeni.
Ulikuwa unalia, au lilikuwa bomba?
Nyuzi ukazisahau kwenye kisahani cha sabuni.

Mama alizikuta asubuhi. Akanawa uso.
Jumapili iliyofuata akashona tena,
safari hii kwa uzi mwekundu, mwekundu wa pilipili,
akasema mara moja tu, kwa Kireno, bila kuinua macho:
"Tundu ni tundu."
Hukupata muda wa kufumua.
Gari la akina Lathrop lilikuwa nje, linapiga honi.

Ya Newport ulinisimulia mwenyewe, miaka baadaye:
jinsi Bibi Cornelia Lathrop, na mbwa wake wawili,
alivyokushika mkono katikati ya ukumbi,
nawe ukaziba kola haraka, ukidhani amezijua herufi.
Kumbe anatazama kiwiko.
"Jamani, uzi huu! Nani kabuni?"
Wakaja na glasi zao, wakauzunguka mkono wako
kama waliofika kutazama kichanga.

Kufika Agosti vijana watatu wa nyumba ile
walitaka viwiko vyekundu.
Sweta la mmoja halikuwa hata limetoboka;
alilikata kwa mkasi.
Mama alitoza dola nne kila kiwiko,
sita kwa lile la mkasi.
Meza ya jikoni ikajaa sufi ya watu.
Nikamuuliza lipi hapa la kweli, lipi la kuiga.
Akakata uzi kwa meno, akaniambia niwashe taa.

Jambo moja hukunisimulia. Nililipata kwa Thayer Lathrop,
aliyeleta mifuko, akasimama mlangoni
akaiona ukutani picha yako ya komunyo ya kwanza,
asiulize kitu. Wamelelewa kutouliza.
Alisema tu kwamba siku ile, ukumbini,
ulipobanwa utaje fundi,
ulijibu huku ukitazama barafu kwenye glasi yako:
"Kuna mama mmoja, huko Fall River."

Na hukusema uongo, kaka.
Ni mmoja.