Mpelelezi wa Trieste

Kule Trieste mjini,
kito hakimo dukani;
Otavio yu mbioni,
katoweka wake mwenzi.

Nerina hujua njia;
Otavio hukalia
miwani, na humwagia
supu faili za kazi.

Nyayo akaziandama
saa nzima bila kwima;
zilikuwa zake, jama!
"Ni hodari huyu mwizi!"

Koti juu ya msumari
kalihoji: "We hatari!
Taja ilipo johari!"
Likanyamaa kwa pozi.

Bora, upepo si bora,
wampiga barabara;
kofia yapaa mara,
kamwangusha na mlinzi.

Leo kadi imefika,
Nerina kaiandika:
"Nashukuru; nakumbuka
ukinishikia ngazi."

Kaisoma kwa taabu.
"Kuna jambo la ajabu,
sijapata bado jibu.
Kwanza nitafute ngazi!"