Kopo la Rafu ya Chini

Anansia, nakupaka dawa
kwa glavu iliyochanika kidole gumba.
Miaka kumi na tisa hapa Kiborloni,
ukucha huu umegoma kuota.

Unauliza lile kopo la rafu ya chini.
Ndiyo, ni mkorogo. Nimeukoroga mwenyewe
kwa mwiko wa ugali, pua nimefunga kwa kanga.
Mwiko haukurudi jikoni.

Lebo niliibandua.
Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa,
nikamudu neno moja tu: zebaki.

Mdogo wangu Eliaichi aling'aa miezi minne.
Harusini Machame shangazi alimkaribisha kama mgeni.
Kisha jua la saa nne likaanza kumla uso,
vifundo vya vidole vikabaki vyeusi
kama mashahidi waliokataa hongo.
Mwanawe alikuwa bado ananyonya,
analalia shavu lile, analilamba.
Daktari aliandika, akageuza karatasi, akaandika.

Bei? Elfu nane.
Hapana, ngoja. Tulia, dawa bado iko kichwani.
Ikianza kuwaka, sema.
Usivumilie.
Mimi ndiye niliyewafundisha wenzako kuvumilia,
eti ikiwasha ndiyo inashika.